Harufu Lazima Ipate Mwenyewe

“Ijulikane kwa wananchi wote, walio hai na watakaozaliwa, ya kwamba msimamizi yeyote wa uchaguzi wa mtaa atakayevunja kanuni, kwa kukusudia, kwa uzembe au kwa kusinzia, atanuka.”

Mwalimu Mwakibolwa, mkuu wa Shule ya Sekondari Kitulimbo, aliisoma sentensi hiyo kwa sauti aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya mazishi na wageni kutoka wilayani. Kisha akanyamaza ili uzito wa maneno uwashukie watu taratibu. Katika ukimya ule mtukufu Kanali, beberu wa shamba la shule, aliinamisha kichwa, akazikojolea ndevu zake mwenyewe kwa uangalifu mkubwa, akainua uso kuelekea jukwaani na kukunja mdomo wa juu kama mzazi aliyeguswa na hotuba.

Paredi nzima ilijiuma midomo. Lugano Mwaisaka wa kidato cha tano, aliyesimama mstari wa nyuma, ndiye aliyeshindwa. Kicheko kilimtoka puani, akakigeuza kikohozi, na kikohozi kikawa kirefu kiasi cha kumfanya kiranja ageuke kumwangalia.

Mkuu wa shule aliendelea bila kutikisika. Alisoma Jedwali la Harufu, ambalo serikali ilikuwa imeagiza lisomwe katika kila uwanja utakaokuwa kituo cha kura. Msimamizi atakayechelewa kufungua kituo atanuka maji ya mihogo iliyovundikwa. Atakayemnong’oneza mpiga kura atanuka yai viza. Atakayefunga mstari wenye hesabu ya uongo, hilo likiwa kosa kubwa kuliko yote, atanuka mzoga mpaka uchaguzi mwingine. Mtu fulani nyuma aliuliza mzoga wa nini. Mkuu wa shule aliitazama karatasi kwa makini, akajibu kwamba sheria haikumtaja mnyama.

Baada ya hapo aliitwa mbele Madam Tusajigwe, mwalimu wa kemia, ambaye ndiye angesimamia kura za mtaa pale shuleni. Alipanda jukwaani na mwanawe Ipyana mgongoni, mtoto ambaye bado hakuwa na jino hata moja. Muuguzi wa tume alimwomba ainue mkono, akamchoma sindano nene chini ya kwapa. Madam alikunja uso kidogo, akaapa kuitii sheria, akashuka. Mtoto alikuwa anacheka na Kanali muda wote.

Kilichoingia kwapani kiliitwa punje. Kilikuwa kitu kidogo kama mtama, kilichojaa vijidudu hai vilivyolala usingizi, chakula chao kikiwa jasho la mtu. Zamani, kabla Lugano hajazaliwa, wasimamizi walioiba kura walitozwa faini, wakalipa na bado wakabaki matajiri. Wakafungwa, wakakata rufaa, wakarudi nyumbani wamenenepa. Ndipo mtu mmoja mwenye akili na roho mbaya alipogundua kwamba harufu haina wakili. Punje ikishaamshwa huwezi kuihonga, huwezi kuikimbia, na ukioga unainywesha maji tu.

Mwenye kuiamsha alikuwa Pua.

Pua lilikuwa jina la mashine, kasha jeusi lenye matundu lililofungwa juu ya mlingoti. Haikuwa na macho, na ndiyo iliyokuwa fahari yake. Haikujali sura, mavazi wala cheo cha mtu. Kila raia alikuwa amenuswa mara moja alipojiandikisha, na tangu siku hiyo Pua ilimfahamu popote aliposimama, hata katikati ya umati. Siku ya kura watu walijipanga nyuma ya mgombea wanayemtaka, kila mgombea na mstari wake, Pua ikapitisha pumzi moja ndefu na kutaja majina ya wote. Hapakuwa na karatasi ya kuiba. Ilikuwa imefundishwa pia kupuuza kuku, mbwa na mbuzi, maana wananchi wengi huja kupiga kura wakitokea sokoni.

Walioitengeneza walifikiri wamefikiri kila kitu. Kwa bahati mbaya wote walikuwa wamesoma shule za kutwa.

Ndiyo maana hawakujua habari za kulalisha shati. Pua hiyohiyo ilikuwa imewekwa katika mabweni ya Kitulimbo tangu zamani, kuhakikisha kila mwanafunzi yuko kitandani taa zinapozimwa. Na tangu zamani wanafunzi wa Kitulimbo walijua kwamba shati lililovaliwa mbioni, likachezewa mpira na kunyimwa maji, likizungushwa kwenye mto na mikono yake kufungwa sawasawa, linahesabiwa kama mtu. Siri ilikuwa fundo. Mikono miwili hupishana, hujifunga mara moja, kisha ncha moja hurudishwa ndani ya kola ili joto na jasho visitoroke. Kidato cha sita waliwafundisha kidato cha tano, na hivyo hivyo kurudi nyuma hadi kwa watu ambao sasa walikuwa na vipara na vyeo. Hakuna aliyewahi kumwambia mtu wa kutwa. Hicho ndicho kitu pekee ambacho shule nzima ilikitunza kwa uaminifu.

Jioni ya siku ile ya tangazo, Lugano alikuwa amelala chali bwenini, akiwaza juu ya Kanali na fahari ya serikali. Alimwambia rafiki yake Gwamaka, aliyelala kitanda cha chini, kwamba Pua inaweza kudanganywa mchana kweupe, mbele ya wilaya nzima. Gwamaka alibisha. Waliwekeana dau la nyama ya Jumamosi, ambayo kwa mwanafunzi wa bweni ni mali kuliko shamba.

Hakuna mtu kati yao aliyemtaja Madam Tusajigwe. Haki itendeke: hawakumfikiria kabisa.

*

Siku ya kura uwanja wa mpira ulichorwa mistari miwili ya chokaa. Wa kushoto ulikuwa wa Bwana Mwasyeba, mwenye maduka, alama yake taa. Wa kulia ulikuwa wa Bibi Lusajo, mkunga mstaafu, alama yake bua la mahindi, na watu wake walikuja wameshika mabua mabichi yenye majani yanayometameta kwa umande.

Watu wa Bwana Mwasyeba nao walikuwa wameshika kitu. Kila mmoja alikuwa na mfuko wa sukari, na mifuko yote ilikuwa ya duka moja. Madam Tusajigwe aliiona. Alimwendea Afisa Adhabu wa Wilaya, Bwana Chengula, aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli, na kumweleza kwamba mstari mzima wa kushoto umenunuliwa. Bwana Chengula alimjibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, kwamba Jedwali linahusu makosa ya wasimamizi, na Bwana Mwasyeba si msimamizi. Isitoshe, Pua ipo hapohapo na haijalalamika. Sukari haina harufu. Lugano, aliyepewa kazi ya kubeba viti, alilisikia jibu hilo lote, akaona kwamba mashine ya kijinga namna hii inastahili kabisa mzaha aliokuwa ameuandaa.

Nyuma ya vyoo Kanali alikuwa anamsubiri, amefungwa kwenye mti. Lugano alikuwa na aproni ya Mzee Ambakisye, mpishi wa shule, nguo iliyosimama yenyewe ukiiweka chini. Ilikuwa imekunywa jasho, mafuta na mvuke wa makande kwa muda ambao hata mwenyewe asingeweza kuutaja. Mzee Ambakisye alikuwa tayari amesimama mstari wa kushoto na sukari yake. Lugano alimvisha Kanali aproni, akapishanisha kamba, akafunga, akarudisha ncha moja ndani ya kola. Beberu alimtazama kwa dharau. Harufu yake ya kawaida ilikuwa inatoa machozi, lakini Pua haikuwa na habari naye. Kwa Pua, pale nyuma ya vyoo alisimama Mzee Ambakisye, mtu mzima, raia mwema.

Madam Tusajigwe alitembea mistari yote miwili kutoka mwanzo hadi mwisho, akimgusa kila mtu bega. Aliridhika. Akainua bendera nyekundu, ambayo maana yake ni kwamba mistari imefungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na kila kilichomo ndani kipo mikononi mwake.

Lugano alimfungua Kanali kwenye mti.

Kanali aliyaona majani ya mahindi. Alikatiza uwanja kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kikao, akaingia katikati ya mstari wa kulia, akauma bua la mama mmoja na kuanza kula. Pua ikavuta pumzi.

“Ambakisye Mwakalukwa,” ilisema kwa sauti yake ya kike isiyo na haraka, “yupo mstari wa kushoto. Ambakisye Mwakalukwa yupo mstari wa kulia.”

Uwanja ulianguka kwa kicheko. Mzee Ambakisye mwenyewe alicheka hadi sukari ikamwagika. Bwana Mwasyeba alicheka akishika tumbo, na Gwamaka, kule golini, alishika kichwa kwa ajili ya nyama yake. Lugano alihisi furaha ambayo hajawahi kuipata tangu azaliwe. Alikuwa amemfanya beberu kuwa mwananchi.

“Msimamizi amefunga mstari wenye hesabu ya uongo,” Pua iliendelea, kwa sauti ileile. “Punje inaamka.”

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilikufa kuanzia mbele kwenda nyuma, kadiri harufu ilivyokuwa inawafikia watu. Kwanza ilikuwa tamu, utamu mzito kama wa papai lililosahauliwa kabatini. Halafu utamu ukafunguka, na ndani yake mlikuwa na kitu kilichovimba, kilicholowa, kinachotembea. Mama mmoja alitapika juu ya chokaa. Watu walirudi nyuma wakiwa wamejiziba kwa kanga na kofia, hadi Madam Tusajigwe akabaki amesimama peke yake katikati ya duara pana la nyasi, bendera bado iko juu.

Aliishusha. Akamwendea Kanali, ambaye ndiye kiumbe pekee aliyebaki pale akiendelea kutafuna, akamshika pembe na kumtoa mstarini. Alimvua aproni. Kwenye fundo mikono yake ilisita kidogo. Kisha akalifungua kwa mvuto mmoja, akaikunja nguo ile chafu vizuri kama shuka la wageni, akaiweka kwapani, na kwa sauti isiyotetemeka akatangaza kwamba jina la Mzee Ambakisye libaki kushoto tu, na kwamba Bwana Mwasyeba ameshinda.

Mshindi alitoa hotuba ya shukrani kupitia leso. Alisifu uchaguzi safi. Bwana Chengula, ambaye sheria ilimpa kibano cha kubania pua kwa ajili ya kazi, alimweleza Madam utaratibu: angekuja Ijumaa ya wiki iliyofuata kuithibitisha adhabu, maana punje huchukua siku chache kuota mizizi. Alizungumza kwa sauti ya mtu mwenye mafua na akasimama mbali sana.

*

Jumamosi Gwamaka alilipa dau. Aliweka kipande chake cha nyama juu ya sahani ya Lugano. Lugano alikitazama. Mafuta yalikuwa yameganda pembeni, na katikati kulikuwa na mshipa mweupe uliolegea. Alikisogeza ukingoni mwa sahani, halafu akasogeza sahani nzima.

Sheria ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa bwalo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Kitulimbo kuna mwanafunzi aliyesimama kuisoma hadi mwisho. Punje iliyoamka haizimwi, ilisema. Harufu lazima ipate mwenyewe. Hata hivyo, kabla ya kuthibitishwa, inaweza kunyonywa kwa sindano na kuhamishiwa kwa mtu mwingine yeyote aliyesababisha kosa, iwapo tu mtu huyo atajitokeza mwenyewe, hadharani, bila kutajwa. Msimamizi akimtaja mtu, hilo ni kosa jipya, linaitwa kujivua lawama, na harufu yake ilikuwa ya kitu ambacho Lugano alikisoma mara mbili na hakutaka kukisoma tena.

“Umeisoma vizuri?” Gwamaka alimuuliza.

“Nimeisoma.”

“Basi isome tena sehemu ya mpaka uchaguzi mwingine. Wewe utamaliza kidato cha sita unanuka. Utaenda chuo unanuka, kama watakufungulia geti. Msichana gani atakaa na wewe, Lugano? Yule mama ana mume, ana mshahara, ana nyumba yenye mlango. Wewe unalala na watu sitini.”

“Sijasema kitu.”

“Sura yako inasema. Inyamazishe.”

Lugano aliinyamazisha. Ikawa wiki ya ajabu. Madam Tusajigwe hakuchukua likizo. Aliingia darasani kila siku, akafungua madirisha yote mwenyewe, akasimama karibu na lile la mwisho, ambako upepo ulikuwa unatokea nje, na kufundisha tindikali na besi kama kawaida. Wanafunzi waliketi na vitambaa puani. Wa mbele walihamia nyuma, wa nyuma wakakaa wawili wawili, na hatimaye safu tatu za madawati zilikuwa wazi kati ya mwalimu na darasa. Watu walitunga vichekesho. Ofisi ya walimu ilimwekea kiti nje, chini ya tangi la maji, na Mwalimu Mwakibolwa akaeleza kwamba huo ni mpangilio mpya wa kupunguza msongamano.

Kilichomchefua Lugano kuliko harufu yenyewe kilikuwa wepesi wa watu. Mzee Ambakisye, ambaye aproni ilikuwa yake, alisema jikoni kwamba wasomi bwana, wakipewa madaraka tu wanaoza. Bwana Mwasyeba alipita shuleni kukagua choo atakachojenga, manukato yake yakitangulia, akasema ndiyo faida ya sheria kali. Alikuwa amenunua mtaa mzima kwa sukari na alinukia kama bi harusi. Lugano alimtazama akipanda gari, akageuka na kutema mate.

Lakini alikaa kimya, na kila jioni ukimya wake ulikuwa rahisi kidogo kuliko jana. Hicho nacho kilimchefua.

Alhamisi, baada ya vipindi, ilikuwa zamu yake kupeleka madaftari ya kemia nyumbani kwa mwalimu. Nyumba za walimu zilikuwa nyuma ya bweni, na kwa siku kadhaa wanafunzi walikuwa wanamsikia mtoto analia. Lugano alikuwa amejiambia kwamba watoto hulia.

Madam Tusajigwe alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, kanga imefungwa kifuani, nywele zimelowa. Ni wazi alikuwa ametoka kuoga, tena si mara ya kwanza siku ile, maana ngozi ya mikono yake ilikuwa imesinyaa. Mama mkwe wake alisimama mbele yake na mtoto. Wote wawili hawakumwona Lugano akiwa kwenye ua wa michongoma.

Bibi alimsogeza Ipyana taratibu, akimbembeleza. Mtoto alikuwa na njaa. Alifungua mdomo kabla hajafika, akinyoosha mikono. Alipofika karibu uso wake ulibadilika. Aligeuza kichwa, akajipinda kama samaki, akapiga kelele. Mama yake alijaribu kumshika kichwa na kukielekeza. Mtoto alitapika maziwa kidogo ya kopo yaliyokuwa tumboni, yakamwagikia mama kwenye kanga, akaendelea kutapika hata yalipokwisha.

“Acha, mwanangu,” bibi alisema. “Mwache. Nitampeleka kwangu kesho, akishathibitisha yule mtu wako wa wilaya. Atazoea kopo.”

“Atanisahau, mama.”

“Atakusahau kidogo.”

Lugano aliinamia michongoma na kutapika kila alichokula tangu asubuhi. Ulikuwa ni uchafu wake mwenyewe, na ndani yake hapakuwa na hata chembe ya ile nyama ya dau.

Alipoinua kichwa, bibi alikuwa ameingia ndani na mtoto. Madam Tusajigwe alikuwa anamtazama. Lugano aliweka madaftari juu ya ukuta wa baraza, akataka kuondoka.

“Umekuja upande wa upepo,” Madam alisema. “Pole.”

“Hapana, Madam. Nilikula vibaya.”

Madam alicheka kidogo kwa pumzi tu. Akaingiza mkono chini ya kigoda, akatoa aproni ya Mzee Ambakisye, imefuliwa na kupigwa pasi. Alianza kuichezea mapajani, bila kumwangalia. Akapishanisha kamba mbili. Akafunga mara moja. Akarudisha ncha moja ndani ya kola, upesi, bila kutazama, kama mtu anayefunga kamba za viatu vyake.

Ndipo Lugano alipokumbuka kitu ambacho kila mtu pale alikijua na yeye alikisahau: Madam Tusajigwe alisoma Kitulimbo. Jina lake lilikuwa ukutani bwaloni, kwenye ubao wa viranja wa zamani. Alikuwa amelala bwenini, na mashati yake yalikuwa yamelala bwenini bila yeye.

“Sisi tulikuwa tunaacha kidole kimoja cha nafasi,” alisema. “Nyinyi siku hizi mnakaza mno. Hasa wewe, Lugano, unayefungia mkono wa kushoto.”

Alimpa aproni amrudishie mzee. Lugano alisimama na ile nguo mikononi, akasubiri amtaje, amfokee, ampige hata kofi. Kisha akaelewa kwa nini hatamtaja. Madam alikuwa amejua tangu uwanjani, tangu mikono yake iliposita kwenye fundo. Wiki nzima alikuwa amesimama mbele ya darasa lake akifundisha besi na tindikali, akijua mwenye kosa yuko dawati la ngapi, na sheria imemziba mdomo. Alikuwa amemwachia kidole kimoja cha nafasi.

*

Ijumaa paredi iliitwa mapema. Bwana Chengula alikuja na muuguzi, meza ndogo, sindano nene na kibano chake cha pua. Alikuwa na fimbo ya chuma yenye taa ya kijani kichwani. Akiigusisha kwapa, punje ingepokea amri yake ya mwisho na kuota mizizi, na baada ya hapo hata malaika asingeing’oa. Madam Tusajigwe alisimama mbele, peke yake kama kawaida. Nyuma kabisa, karibu na geti, mama mkwe wake alikuwa amembeba Ipyana na kapu la nguo.

Bwana Chengula alisoma. Alisoma kwamba demokrasia ni ua, na wasimamizi ni watunza bustani. Kwa kibano kile puani, demokrasia ilitoka kama debokrasia na bustani kama bustadi, lakini hakuna aliyecheka. Kisha, kwa mujibu wa kifungu, aliuliza kama kuna mtu yeyote, kwa hiari yake, mwenye neno la kusema kabla adhabu haijathibitishwa. Aliuliza haraka, karatasi tayari imeshaanza kukunjwa.

Gwamaka alimshika Lugano kiwiko. Alikishika kwa nguvu kweli, na kwa upendo kweli, na Lugano baadaye hakumlaumu kamwe kwa hilo.

Lugano alimtazama mwalimu wake. Madam alikuwa anaangalia mlingoti wa bendera. Alimtazama mtoto kule getini. Mtoto alikuwa amemwona Kanali kwenye zizi na alikuwa anamchekea, tena kwa moyo wote, mnyama anayenuka kuliko wote duniani isipokuwa mmoja.

Fimbo ilisogea. Taa ya kijani ikawaka.

“Bwana Afisa,” Lugano alisema.

Sauti yake ilitoka nyembamba, ikavunjika katikati kama ya kijana wa kidato cha kwanza. Paredi yote iligeuka. Alikuwa ameiandaa hotuba usiku kucha, yenye utangulizi, yenye maneno makubwa kuhusu haki na sukari, iliyokusudiwa kumfanya Bwana Mwasyeba azame ardhini. Yote yalimtoka kichwani.

Bwana Chengula aliuliza kama mwanafunzi huyu ana shida ya choo.

“Hapana, mzee. Ni mimi.” Lugano alitoka mstarini, akaanza kuvua shati ili kwapa liwe wazi, vidole vikikosea vifungo. “Beberu nilimvalisha mimi. Aproni niliiba mimi jikoni, fundo nilifunga mimi, kamba nilifungua mimi bendera ilipokuwa juu. Hakuna mtu aliyenituma na hakuna mtu aliyenitaja. Nilitaka watu wacheke, wakacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Halafu nikakaa kimya wiki nzima nikijua, na huko kukaa kimya ndiko kunakonuka zaidi, lakini naona hakumo kwenye Jedwali lenu.”

Alifika mezani. Harufu ya Madam ilimpiga usoni, akaivuta ndani kwa makusudi, maana ilikuwa yake. Kwa mbali getini alisikia kapu likiwekwa chini.

“Naomba mumtoe punje yeye kwanza,” alisema, akainua mkono. “Mtoto hajala.”